Meli Yangu Haikupita Bahari ya Shamu

Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wafanyabiashara wenzangu wa Moshi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale watu walipocheka mpaka nikapoteza mstari.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama wenzangu wa sokoni, na ninyi vijana wa kushusha mizigo mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha. Itifaki nyingine tuseme imezingatiwa, maana nimepewa nusu saa, na mimi nikianza kuulizana habari za nyumbani kwa kila mtu hatutoki hapa.

Nimekuja na karatasi. Hii ya kwanza ni ankara ya kontena langu la futi 40, Januari 2024. Masinki, vyoo vya kukaa na mabomba, kutoka Foshan, China. Kuna mstari wa nauli ya meli. Chini yake mstari wa mafuta. Chini yake tena kuna mstari unaosema tozo ya dharura ya Bahari ya Shamu. Nilivaa miwani nikausoma mara ya pili.

Nimesoma shule ya kawaida tu, lakini ramani ya dunia tulikuwa nayo ukutani. Meli ikitoka kusini mwa China inashuka hadi Singapore, inapenya mlango bahari wa Malacca, inakata Bahari ya Hindi hadi Dar es Salaam. Bahari ya Shamu iko juu kule, kati ya Arabuni na Sudan. Meli yangu haikupita huko wala haikuchungulia. Nikampigia simu kijana wa wakala wa meli, nikamuuliza, "Mwanangu, meli yangu imepita wapi?" Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mama, hiyo bei imetoka juu." Juu wapi, hakusema.

Nisije nikawa mwongo mbele yenu. Sababu ilikuwepo. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliteka meli moja, wakaendelea kuzishambulia nyingine. Kampuni za meli zikauacha Mfereji wa Suez, meli za Asia na Ulaya zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule chini Afrika Kusini. Kwa anayetoka Singapore kwenda Rotterdam, mzunguko huo unaongeza maili za baharini zaidi ya 3,000. Siku kumi hivi, wakati mwingine zaidi. Sasa meli iliyokuwa inarudi China mapema inachelewa, kontena tupu lililokuwa lirudi nayo linachelewa, na ili ratiba isivunjike inabidi waongeze meli kwenye njia ile ile. Hizo meli za kuongeza zinatoka wapi? Zinatolewa kwenye njia nyingine. Njia kama yetu.

Hapa Moshi hili hatuhitaji kufundishwa na mtu. Desemba ikifika, Wachagga wote wanarudi nyumbani, mabasi ya Dar hadi huku yanajaa, na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, inatoa vibali mabasi ya njia nyingine yaje kusaidia. Mtu wa Songea hana habari na Krismasi ya Kibosho, lakini basi lake limekuja kutubeba sisi na yeye amebaki kituoni na begi lake. Ndiyo habari ya meli. Kwa hiyo bei ikipanda kiasi, naelewa.

Ila kuna tofauti moja. Kwenye basi kuna nauli elekezi. Kondakta akinitoza zaidi, namba ya LATRA ya kupiga imebandikwa humo humo ndani ya basi, na tumeona makampuni yakipigwa faini wiki ya Krismasi. Kwenye kontena, kondakta ananiambia imetoka juu.

Tutazame hiyo juu. Kuna kampuni ya London inaitwa Drewry, kila wiki inatoa wastani wa bei ya kusafirisha kontena la futi 40 kwenye njia kubwa nane za dunia. Mwaka 2019 wastani ulikuwa dola 1,420 hivi. Ikaja Korona, bandari zikafungwa, watu wa Marekani wakakaa nyumbani wakiagiza vitu, na Machi 2021 ile meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ikakwama Suez siku sita. Septemba 2021 wastani ulipita dola 10,300. Halafu bei ikashuka, na kufikia Oktoba 2023 ilikuwa imerudi kwenye 1,300 na kitu. Baada ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu ikapanda tena, Julai 2024 ikapita 5,900. Njia hizo nane, kwa taarifa yenu, Dar es Salaam haimo, wala Mombasa. Sisi hata kwenye wastani hatuhesabiwi, tunasikia upepo wake tu.

Mwaka 2022 Maersk, moja ya kampuni kubwa za meli, peke yake ilipata faida ya dola bilioni 29. Mwaka uliofuata faida ikaanguka isifike hata bilioni 4, kwa hiyo sisemi kwamba hawa watu wanakula keki kila siku. Ninachosema ni cha dukani. Mangi akipandisha bei ya sukari akasema ni kwa sababu mafuta ya gari yamepanda, halafu mwaka huo huo akajenga ghorofa, wateja watamuuliza maswali mawili matatu. Na wana haki.

Wenye meli kubwa wamejipanga kwa makundi. Maersk wako na Hapag-Lloyd tangu Februari 2025. CMA CGM, COSCO na Evergreen wana kundi lao, ONE, HMM na Yang Ming wana lao. Wanachangia meli: jina lililo kwenye karatasi yako ni moja, na meli iliyobeba mzigo ni ya mwingine. Kuchangia meli si dhambi, kunapunguza safari za meli nusu tupu. Lakini Umoja wa Ulaya, ambao kwa miaka mingi uliwapa makundi haya msamaha maalumu kwenye sheria zake za ushindani, uliuacha msamaha huo ukaisha Aprili 2024, baada ya kuona kwamba kwa waagizaji wadogo na wa kati msaada wake ni haba. Sisi tulikuwa na shirika letu la meli, wazee wanakumbuka, Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia pamoja. Lilianza 1966, likafa 1980. Hilo tuliache, tutalia bure.

Turudi kwenye mfuko. Kuna hesabu moja ambayo wengi wetu hatuifanyi, na mimi nilichelewa kuifanya miaka mingi.

Chukua mzigo wa dola 20,000 kiwandani. Bima tuiache ili hesabu iwe nyepesi. Nauli ikiwa dola 2,000, thamani ya forodha ni 22,000, kwa sababu sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inahesabu bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Tuchukulie ushuru ni asilimia 25, unakuwa 5,500. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla ya hivyo viwili, 27,500, inakuwa 4,950. Sasa nauli ipande hadi 6,000, mzigo ule ule, sinki ni lile lile. Thamani inakuwa 26,000. Ushuru 6,500. VAT 5,850. Nauli imeongezeka dola 4,000, lakini mimi nimetoka na 5,900 zaidi. Hizo 1,900 hazikwenda kwa mwenye meli. Zilikwenda serikalini, na hapo bado sijahesabu tozo ndogo ndogo. Vita vya Yemen vimepandisha ushuru wa choo kinachouzwa Mbuyuni.

Aliyesajiliwa VAT ataidai ile 900. Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka mlisikie vizuri, hasa ninyi mnaochangia kontena. Unapochangia unalipa kwa sibiemu, yaani kwa mita za ujazo, mzigo unakuja, maisha yanaendelea. Lakini bili ya shehena, ile hati ya meli ya kupokelea mzigo, ina jina la nani? La yule aliyekusanya. Nyaraka ya forodha ina jina la nani? Lake. Wewe huna karatasi yenye jina lako, kwa hiyo hudai VAT, na mkandarasi anayejenga shule akitaka risiti ya VAT, VAT ya mauzo unailipa yote bila cha kupunguza, na bei yako inakuwa juu. Anakwenda kwa mkubwa. Mkubwa huyo ana mkataba wa nauli wa mwaka mzima, na bei ya wiki hii ikiruka yeye yuko kwenye bei yake ya zamani. Mwaka 2021 Home Depot, wenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi Marekani, ilikodi meli yake yenyewe ikaachana na foleni. Sisi tulikuwa kwenye foleni hiyo, tena nyuma.

Kwa hiyo ule mlima tunaousema, kwamba nauli imepanda, haujampandia kila mtu sawa. Bahari ni moja. Aliye na makontena mia analipa kidogo kwa kila moja, aliye na moja analipa zaidi, na aliye na robo ya kontena ndiye analipa kuliko wote kwa kila sentimita. Punguzo la anayenunua kwa wingi nalielewa, hata mimi fundi akichukua masinki kumi simuuzii bei ya anayechukua moja. Ninacholalamikia ni tozo zisizo na maelezo, kwa sababu hizo mkubwa ana mwanasheria wa kuzikataa na mdogo anazilipa.

Karatasi ya pili. Hii ni ya vigae, kontena la futi 20. (Kwa wageni: vigae huji navyo kwenye futi 40, uzito unakumaliza barabarani kabla kontena halijajaa nusu.) Tunapewa siku kadhaa za bure za kukaa na kontena, zikiisha ni dola kwa siku. Sisi yote tunaita demareji. Siku zangu za bure ni zile zile za mtu wa Kariakoo. Yeye kontena likitoka bandarini asubuhi, jioni ameshusha, kesho amelirudisha. Langu linatoka Dar, Chalinze, Segera, Mombo, Same, Njia Panda Himo, ndipo liingie mjini, kilomita zaidi ya 550, na mizani njiani. Halafu lirudi tupu njia hiyo hiyo yote.

Hilo la vigae lilifika mvua inanyesha. Vijana hawa waliosimama nyuma, baadhi yao walikuwepo, walishusha boksi moja moja kichwani mpaka saa nane usiku, kwa sababu mtaa wetu gari la kunyanyua haliingii. Asubuhi dereva na utingo wake wakageuza. Wakafika Dar, kwenye yadi ya makontena matupu wakaambiwa pamejaa. Wakapelekwa yadi nyingine, huko wakaambiwa namba ya kontena haimo kwenye orodha. Siku nne gari limepaki barabarani, na mimi mwenye gari ananidai kila siku. Siku ya tano likapokelewa. Nikashukuru Mungu. Siku 47 baadaye ikaja ankara ya demareji, na zile siku nne zimo. Nilipouliza nikaambiwa, "Kontena lilikuwa kwako." Lilikuwa kwangu! Lilikuwa mlangoni kwao, linapiga hodi.

Nililipa. Dipoziti yangu ya kontena walikuwa nayo wao, ningefanyaje.

Baadaye mtoto wangu akanisomea wanavyofanya Marekani, maana nao walipigwa vibaya wakati wa Korona. Juni 2022 Rais Biden alisaini sheria ya kurekebisha biashara ya meli. Tume yao ya bahari ikaweka kanuni, zikaanza kutumika Mei 2024: ankara ya demareji itoke ndani ya siku 30, ioneshe siku za bure zilianza lini na kuisha lini, kiwango ni kipi, na anayedaiwa aambiwe namna ya kuipinga. Ikikosa hayo, halipi. Na kabla ya hapo, tangu 2020, walikwisha kusema kwamba tozo hii ipo ili kumsukuma mtu arudishe kontena. Kama kontena haliwezi kupokelewa, unamsukuma kwenda wapi? Siku 47 zangu, kwa kanuni hiyo, zingekuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Sisi si Marekani, lakini si kwamba hatuna kitu. Tuna Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani, FCC. Sheria hiyo inakataza mwenye nguvu sokoni kuitumia nguvu yake vibaya. Tuna TASAC, iliyozaliwa na sheria ya 2017, ambayo kusimamia mawakala wa meli na tozo zao ni kazi yake, na kusikiliza malalamiko pia. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya ushindani ya mwaka 2006, na mamlaka yake iko hapo Arusha, kilomita 80 kutoka ukumbi huu. Nauliza, na msiinamishe vichwa: nani kati yetu amewahi kupeleka lalamiko la maandishi, lenye tarehe na namba ya kontena, kwenye moja ya ofisi hizo? Naona mkono mmoja. Mama, asante. Tumelalamika sana kwenye chai, lakini faili la ofisini halijui kama tunaumwa.

Sasa naingia mahali pagumu. Kabla ya kikao mzee wangu mmoja, simtaji na namheshimu, alitoa wazo kwamba tukubaliane bei ya chini ya choo na ya vigae, asiwepo wa kuuza chini ya hapo, na tukubaliane sote tususie kampuni moja ya meli mpaka inyooke. Watu walipiga makofi. Mzee wangu, nisamehe kusema mbele za watu: kifungu cha 9 cha ile Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 kinayakataza yote mawili, washindani kupanga bei na washindani kususia kwa pamoja. Adhabu yake inafika asilimia 10 ya mauzo ya mwaka. Ya mauzo, si ya faida. Tutakwenda FCC kumshitaki mwenye meli, turudi tukiwa washitakiwa. Na nitakuwa mkweli zaidi, hata kama sheria isingekuwepo, yule binti anayejenga vyumba viwili Pasua kwa mkopo wa kikoba angekuwa na haki ya kutuuliza maswali yale yale tunayomuuliza mwenye meli.

Kukusanya mizigo yetu tukaombe bei moja nzuri ya nauli ni habari nyingine, kila mtu akibaki na bei yake dukani. Hata hiyo naomba tumwonyeshe mwanasheria kwanza. Na tukifanya hivyo, kila mmoja awe na nyaraka ya forodha yenye jina lake. Itatugharimu zaidi kidogo kwa wakala. Mimi nitalipa.

Kuhusu Tanga nitasema kidogo, kwa sababu kila mtu ananiuliza. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, Wajerumani waliiona njia hii kabla yetu. Bandari ya Tanga imechimbwa hadi kina cha mita 13, meli inafunga gatini badala ya kusimama mbali na kushushia kwenye matishari, na kutoka hapa ni karibu kuliko Dar kwa kilomita kama 200. Mombasa kupitia Holili nayo ni karibu. Lakini meli za makontena zinazogusa Tanga bado ni chache, na zitakuja tu zikijua kuna mzigo. Yaani zinasubiri sisi, na sisi tunazisubiri zenyewe. Mimi kontena langu lijalo nimeuliza bei ya Tanga. Ikija nitaibandika dukani, ya juu au ya chini, kila mtu aisome.

Na jambo dogo ambalo linaniudhi kila msimu: kontena langu tupu linateremka kwenda Dar, na pale Same linapishana na gari linalopandisha kontena tupu kuja kuchukua kahawa kiwanda cha kukoboa hapa hapa Moshi. Mtu analipia utupu kwenda, mwingine analipia utupu kuja. Wenzetu wa kahawa kama wapo humu, tuonane kwenye chai.

Nusu saa yangu imekwisha, Mwenyekiti ameshika saa. Pale mlangoni kuna daftari kubwa la kaunta. Nimelichora mistari mwenyewe: namba ya kontena, tarehe lilipotoka bandarini, tarehe lilipofika Moshi, tarehe dereva alipofika yadi na tupu, tarehe lilipopokelewa, tarehe ya ankara, na kiasi. Bei mnazouzia msiandike, sizitaki. Mwenye ankara nyumbani akaichukue, boda ziko nje. Jumatatu ya wiki ijayo mimi na mama yule aliyenyoosha mkono tunapanda basi la saa kumi na mbili kwenda kulipeleka TASAC, na nakala FCC. Kalamu nimeleta mbili, moja imeanza kugoma.